Nani Analipia Moshi wa Kanda ya Ziwa

Juni 2011, Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo alisoma bungeni Dodoma bajeti iliyopandisha ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Sababu haikuwa mabadiliko ya tabianchi. Ilikuwa uchakachuaji: mafuta ya taa yalitozwa kidogo, dizeli ilitozwa sana, na wajanja walikuwa wakichanganya haya na ile na kuua injini za watu. Serikali ikaona dawa ni kuziba pengo la bei. Lakini huku Chato, kwenye mwalo wa Muganza na mialo mingine ya kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, uamuzi ule uliingia moja kwa moja kwenye karabai za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati hakuna mbalamwezi, kwa kuvutwa na mwanga, na mwanga huo ulikuwa wa mafuta ya taa. Ingawa hakuna aliyeiita hivyo, ile ilikuwa kodi ya kaboni.

Tuipigie hesabu. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban kilo mbili na nusu za hewa ukaa, kwa hiyo tani moja ya hewa ukaa ni sawa na lita 400 hivi. Nyongeza ya shilingi 348 kwa lita inakuwa karibu shilingi 139,000 kwa tani. Kwa thamani ya shilingi ya wakati ule, hizo ni dola kati ya 85 na 90. Afrika Kusini, nchi ya kwanza barani kuanzisha kodi rasmi ya kaboni, ilianza Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani, yaani kama dola nane. Mvuvi wa dagaa wa Chato alikuwa ametwishwa kiwango cha zaidi ya mara kumi ya hicho, miaka minane kabla, na hakuna aliyekaa naye kumweleza fedha hizo zinaenda wapi.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa makini, kwani hoja yote ya kodi ya kaboni imo ndani ya mtumbwi ule mmoja. Mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa yakila sehemu kubwa ya gharama za usiku, kabla mwenye chombo na wavuvi wake hawajagawana chochote. Leo karabai zimeziachia nafasi taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Sifa haiwezi kuwa ya ushuru peke yake. Bei ya paneli na ya taa zenyewe ilikuwa ikishuka dunia nzima katika miaka hiyohiyo, na bidhaa zikafika hadi maduka ya Katoro na Buseresere. Ushuru uliifanya njia ya zamani kuwa ghali wakati njia mpya imeshafunguka, na watu wakavuka.

Sasa toka ufukweni uingie jikoni. Mama aliyekuwa akipikia jiko la mafuta ya taa katika miji hiyohiyo alipandishiwa bei siku ileile. Yeye njia iliyokuwa wazi mbele yake ilikuwa mkaa, na gunia la mkaa halikuguswa na ushuru ule. Mkaa huo unatoka kwenye misitu ya Geita na Biharamulo, ambayo tayari inakatwa matimba ya kushikilia kuta za maduara (mashimo) ya dhahabu. Ushuru mmoja, mwaka mmoja, ukanda mmoja: ziwani ukapunguza moshi, jikoni ukasukuma watu kwenye miti. Anayetaka kujua kodi ya kaboni itafanya nini kwa viwanda na migodi ya ukanda huu angeanzia hapa kabla ya kufungua vitabu vya Ulaya.

Vitabu vya Ulaya navyo vina lake la kufundisha. Mwaka 1920 Mwingereza Arthur Cecil Pigou alieleza kwamba kiwanda kinachotoa moshi humtwisha jirani hasara isiyoandikwa kwenye daftari la mwenye kiwanda. Dawa aliyoitoa ni kumtoza mwenye kiwanda kiasi kinacholingana na hasara hiyo, kisha kumwacha aamue mwenyewe: alipe aendelee, au abadilishe mitambo. Mapokeo haya hayamshutumu mtu. Yanaweka bei, basi. Ufini ilikuwa ya kwanza kuyafanya sheria juu ya kaboni, mwaka 1990. Uswidi ikafuata mwaka 1991 kwa krona 250 kwa tani, na leo kiwango chake kimepita krona 1,300, miongoni mwa vikubwa kabisa duniani.

Uswidi ndiyo hutajwa kwenye kila semina, na takwimu zake ni za kweli: tangu 1990 hewa ukaa inayotoka ndani ya nchi imepungua kwa zaidi ya robo, huku uchumi ukikua kwa zaidi ya nusu. Yanayoachwa kwenye semina hizo ni mambo matatu yaliyoizunguka kodi yenyewe. Kodi ya mapato ilipunguzwa katika mageuzi yaleyale ya 1991, hivyo mwananchi alipokonywa kwa mkono mmoja na kurudishiwa kwa mwingine. Viwanda vililindwa kwa muda mrefu mno: kuanzia 1993 vililipa robo tu ya kiwango cha kawaida, na vile visivyokuwa kwenye soko la vibali la Umoja wa Ulaya vilifikishwa kwenye kiwango kamili mwaka 2018 tu. Ni robo karne ya kupewa nafasi ya kujipanga. Na la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, Uswidi ilianza kutoza kaboni ikiwa tayari ina umeme wa maji na wa nyuklia, pamoja na misitu inayolisha mitambo ya kupasha joto miji mizima. Aliyeacha mafuta alikuwa na pa kwenda.

Afrika Kusini ilikopa mapokeo hayo ya Pigou na kuyapandikiza kwenye nchi inayoishi kwa makaa ya mawe. Sheria ya Kodi ya Kaboni ya 2019 iliweka randi 120 kwa tani, kisha ikaruhusu kila kampuni kusamehewa kati ya asilimia 60 na 95 ya hewa ukaa yake. Kiwango halisi kikabaki kati ya randi 6 na 48. Bei ya umeme ikakingwa isipande kwa sababu ya kodi hiyo. Kiwango cha kwenye karatasi kimeendelea kupanda, kikafika randi 236 mwaka 2025, lakini misamaha ndiyo iliyobeba maana ya sheria. Simlaumu sana aliyeitunga. Serikali yenye ukosefu wa ajira mkubwa vile haiwezi kuamka asubuhi na kuvunja viwanda vyake vya chuma. Hata hivyo, kodi ambayo mchafuzi mkubwa anailipa kwa senti haimlazimishi kubadilisha boila hata moja.

Geita inaingia kwenye hadithi hii kwa mlango wa nyuma. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, unamilikiwa na AngloGold Ashanti, kampuni iliyokuwa na makao yake Johannesburg. Kodi ya kaboni ya Afrika Kusini inahesabu moshi unaotokea ndani ya mipaka yake, kwa hiyo dizeli iliyoungua Geita haikuwahi kuonekana kwenye fomu za Pretoria. Mwaka 2020 kampuni iliuza mgodi wake wa mwisho nchini humo, Mponeng, kwa Harmony, na mwaka 2023 ikahamishia makazi yake ya kisheria Uingereza na soko kuu la hisa zake New York. Haikuondoka kwa sababu ya kodi ya kaboni. Migodi ya Afrika Kusini ilikuwa imezeeka na kuingia kina cha kutisha. Lakini mfano wake unaonyesha kwamba dhahabu ya ukanda wetu inaweza kuchimbwa na kampuni iliyozaliwa kwenye nchi yenye kodi ya kaboni, ikauzwa kwenye nchi zenye kodi ya kaboni, na moshi wake ukabaki bila mwenyewe.

Hata ule utaratibu wa Ulaya wa kutoza kaboni mpakani, ulioanza kwa majaribio Oktoba 2023 na kwa wajibu kamili kuanzia 2026, haugusi dhahabu. Unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Msumbiji na alumini yake ina sababu ya kuhangaika. Chato haina, kwa sasa.

Je, ndani ya nchi? Hapa ndipo historia yetu inapouma. Mikataba ya uendelezaji madini iliyosainiwa na migodi mikubwa mwishoni mwa miaka ya 1990 iliweka ukomo wa tozo ya mafuta: dola 200,000 kwa mwaka. Zaidi ya hapo, lita iliyobaki haikutozwa. Mwaka wa fedha 2007/08 tozo hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 kwa lita. Kwa thamani ya shilingi ya wakati huo, dola 200,000 zilikuwa tozo ya lita milioni moja na laki mbili hivi. Mtambo wa dizeli wa megawati 20 unaofanya kazi usiku na mchana hunywa kama lita 120,000 kwa siku. Mgodi wa kiwango hicho ungeufikia ukomo wake kwa siku kumi, na kuanzia katikati ya Januari hadi Desemba ungechoma mafuta yasiyo na tozo. Dereva wa hiace kati ya Geita na Chato aliendelea kulipa kila lita, mwaka mzima. Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, ilipendekeza msamaha wa namna hiyo uondolewe.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mjadala wa kodi ya kaboni huanza kana kwamba Tanzania ni ukurasa mweupe. Ukurasa umeshaandikwa. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara. Lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Shilingi 100 kwa lita ni zaidi ya shilingi 37,000 kwa tani, dola 16 hivi. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Kila moja ya nyongeza hizo mbili, kwa kipimo cha kaboni, ilizidi kiwango cha kwenye karatasi ambacho Afrika Kusini ilikuwa nacho mwaka uleule. Wenye bodaboda wa Buseresere, wenye malori ya pamba, wenye karasha za kusaga mawe Nyarugusu na wenye pampu za kuvuta maji kwenye maduara tayari wanalipa kaboni kuliko kiwanda kikubwa cha Gauteng, Afrika Kusini. Wanachokosa ni kile ambacho Mswidi alipewa: pa kwenda.

Hoja ya wenye viwanda husema kodi ya kaboni itafunga migodi. Kwa dhahabu, hesabu haiungi mkono hofu hiyo. Kwa wastani wa dunia, wakia moja ya dhahabu huzalishwa kwa kutoa hewa ukaa inayokaribia tani moja. Kodi ya dola 20 kwa tani ingekuwa dola 20 kwa wakia, na bei ya wakia ilipita dola 3,000 mwaka 2025. Ni chini ya asilimia moja. Mrabaha wa asilimia 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, vilivyowekwa mwaka 2017, ni zaidi ya dola 200 kwa wakia hiyohiyo, na migodi haikufungwa. Ni kweli kwamba mchimbaji wa dhahabu hawezi kumpandishia mnunuzi bei, kwa kuwa bei hupangwa London na kwingineko. Kodi ingekula faida, na jiwe lenye dhahabu haba, lile la pembeni kabisa mwa hesabu, lingeachwa lilivyo. Athari hiyo ipo, nayo ni ndogo. Kwenye migodi ambayo serikali ina asilimia 16 ya hisa chini ya kampuni ya ubia ya Twiga, kama Bulyanhulu na North Mara, sehemu ya kodi hiyo ingetoka kwenye gawio la serikali yenyewe, jambo ambalo Hazina ingelipima kabla ya kushangilia.

Saruji ni mambo mengine, na wafanyabiashara wa saruji wana haki ya kusikilizwa. Tani moja ya saruji hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa, tena sehemu kubwa haitoki kwenye mafuta bali kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa kuwa klinka. Hata ukibadilisha nishati, jiwe litatoa gesi. Bajeti ya 2023 iliweka ushuru wa shilingi 20 kwa kilo ya saruji, shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Ukiugeuza kwa kipimo cha kaboni, unakuwa na uzito wa kodi ya kaboni ya dola kumi na zaidi kwa tani. Lakini unatoza mfuko kama mfuko. Kiwanda kinachochanganya pozolana (majivu ya volkano) nyingi na klinka kidogo kinalipa sawasawa na kile kisichojali. Mjenzi wa Chato anapata mzigo wote, na mazingira hayapati chochote, kwa kuwa hakuna anayezawadiwa kwa kuzalisha saruji safi zaidi. Kama kuna ushuru mmoja nchini ambao ungeweza kugeuzwa kuwa kodi ya kaboni bila kuongeza hata shilingi kwa wastani, ni huu.

Kuhusu migodi, mageuzi makubwa yameletwa na nyaya, wala si kodi. Mgodi wa STAMIGOLD huko Biharamulo, uliokuwa ukiitwa Tulawaka na kurithiwa na STAMICO, shirika la madini la serikali, baada ya mmiliki wake kuondoka mwaka 2013, ulikuwa ukiendeshwa kwa majenereta ya dizeli hadi ulipounganishwa na gridi ya taifa. Mgodi wa Geita nao ulijizalishia umeme wa dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza mapema mwaka 2024. Dizeli kwa kuzalisha umeme ni ghali hata bila kodi, na kila mhasibu wa mgodi alikuwa akiijua bei yake. Asingeweza kuikimbia kabla waya haujafika. Kodi ya kaboni ingewekwa Geita mwaka 2005 ingejaza Hazina na moshi ungebaki palepale. Ikiwekwa leo, gridi ikiwa imefika, ingeuzuia mgodi usirudi kwenye jenereta kila umeme unapoyumba, na ingemsukuma mwekezaji kuweka sola na betri badala ya tangi jingine la mafuta. Wakati ni nusu ya sera.

Hadi hapa nimezungumzia mapokeo ya bei. Usukumani kuna mapokeo mengine ya kudhibiti uharibifu, na nashangaa hayatajwi kwenye mijadala hii ilhali Shinyanga ipo jirani. Ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yasimame na miti ichipue, mifugo ipate malisho kiangazi. Kuna ngitili za familia na kuna za kijiji. Kufikia miaka ya 1980 utaratibu huu ulikuwa umekaribia kufa. Tangu ukoloni miti ilikuwa imefyekwa kwa jina la kuua mbung'o na kupanua pamba, na Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 alishtushwa na ukame aliouona, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliodumu hadi 2004.

Kilichoufanya mradi ule ufaulu ni kuacha kuleta miche ya kigeni na kuwarudishia watu ngitili zao. Mwaka 1986 zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kuwa faida ya ngitili, kuanzia kuni na dawa hadi asali na majani, ilikuwa kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, ambayo ilizidi matumizi ya wastani ya mwezi ya mtu wa kijijini nchini. Miti iliyorudi imefyonza kaboni kwa miaka yote hiyo, na kazi hiyo ilifanyika bila kodi ya kaboni.

Ulinzi wake ulikuwa wa dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, pamoja na walinzi wa vijiji na sungusungu. Aliyeingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa alitozwa mchenya, faini ya mifugo au fedha. Kwa mtazamo wa juujuu, mchenya na kodi ya Pigou ni kitu kimoja: ukiharibu, unalipa. Kwa undani zinaachana. Anayelipa kodi ya kaboni amenunua haki ya kuendelea, na kesho atalipa tena bila kuona haya. Anayelipa mchenya hakununua chochote. Amekiri kosa mbele ya watu anaowajua kwa majina, na akirudia hutengwa: hasaidiwi shambani, na msiba wake huenda akauzika peke yake. Mwaka 2000 wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti wa shule za chekechea huko Haifa: wazazi walipoanza kutozwa faini kwa kuchelewa kuwachukua watoto, uchelewaji uliongezeka. Aibu ilikuwa imegeuka bei, na bei ilikuwa nafuu. Kodi ndogo iliyojaa misamaha hufanya hivyohivyo kwa kiwanda. Inampa mchafuzi risiti ya kujitetea nayo.

Sitaki kuipamba dagashida kupita haki yake. Sungusungu walipiga watu, na wanawake wazee wameteswa kwa tuhuma za uchawi chini ya kivuli cha ulinzi wa jadi. Ngitili nazo, zilipoanza kuwa na thamani, wenye ng'ombe wengi walijitengea maeneo makubwa na maskini wakabaki wakinunua majani. Tena, faini ya baraza inafanya kazi kwa mtu anayeogopa kutengwa. Kampuni yenye wanahisa New York haitishiki kwa kukosa watu wa kuizika. Kwake bei ndiyo lugha inayosikika, na hapo Pigou anashinda.

Ila mapokeo ya Usukuma yana jambo ambalo Pigou aliliacha pembeni: faini inalipwa na kuliwa mahali ilipofanyika hasara. Ng'ombe wa mchenya alionekana. Aliyelindwa na aliyeadhibiwa walijua amekwenda wapi. Tazama mahali ambako kodi za mazingira zimevunjika, utakuta hilo ndilo lililokosekana. Ufaransa ilipopandisha kodi ya kaboni kwenye dizeli, watu wa vijijini wasio na treni wala basi waliingia barabarani na fulana za njano Novemba 2018, na nyongeza iliyofuata ikafutwa. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi na kudai dunia iweke kodi ya kaboni ya kimataifa kwenye mafuta, meli na ndege. Dai la haki kabisa, ukizingatia kwamba Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Miezi tisa baadaye, katika jiji lilelile, muswada wa fedha wa 2024 uliokuwa na tozo ya mazingira miongoni mwa kodi nyingine nyingi uliwaingiza vijana barabarani, damu ikamwagika, na Rais William Ruto akakataa kuusaini tarehe 26 Juni. Vijana wale hawakuwa wakipinga hewa safi. Walipinga kutozwa na watu wasiowaamini.

Tanzania, kwa upande wake, imechagua kuuza kaboni kabla ya kuitoza. Kanuni za biashara ya kaboni zilitoka mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinavyolinda msitu wa Ntakata, vimepata fedha halisi na kujenga zahanati na madarasa. Nafurahia hilo. Linanisumbua jambo moja: anayeilipa Katavi ili isikate msitu ni kampuni ya mbali inayotaka kufidia moshi wake, wakati mgodi unaochoma mafuta Kanda ya Ziwa hauna wajibu wowote wa namna hiyo kwa msitu ulio kilomita chache kutoka kwenye uzio wake.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, nisingeanza na kodi mpya. Ningeanza kwa kuhakikisha hakuna lita ya dizeli ya mchimbaji mkubwa inayolipa chini ya lita ya bodaboda, kwa kuwa kodi ya kaboni juu ya msamaha wa mafuta ni kujenga ghorofa juu ya shimo. Baada ya hapo ningegeuza ushuru wa saruji ufuate klinka badala ya uzito wa mfuko. Kisha ndipo ningeweka tozo kwenye umeme wa dizeli unaozalishwa na mgodi mahali ambapo gridi imeshafika, kwa kiwango kinachotangazwa miaka kumi mapema ili mhasibu apange mitambo yake. Mchimbaji mdogo nisingemgusa kwanza. Madhara yake makubwa ni zebaki na miti ya matimba, na kodi ya kaboni haioni zebaki. Kinachomtoa kwenye dizeli ni laini ya umeme wa njia tatu inayofika kwenye karasha za Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, na mkopo wa kununua mota.

Fedha ndizo zenye neno la mwisho. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, na mitungi ya gesi haijazwi kwa hotuba. Tozo ya moshi wa migodi ingeweza kujaza mitungi ya Katoro na Buseresere, ile miji ambayo ushuru wa 2011 uliisukuma kwenye mkaa, na kulipia walinzi wa misitu ya Biharamulo. Njia ya kupitishia fedha hizo si ya kubuni. Ushuru wa huduma unaingia halmashauri, na sheria ya madini tangu 2017 inautaka mgodi ukubaliane na halmashauri mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Lita zilizochomwa, tani zilizotoka na shilingi zilizolipwa zisomwe hapo, mgodi kwa mgodi, mbele ya wanaovuta moshi wenyewe, kabla jedwali halijapelekwa Dodoma.